Kaka anataka kuacha pombe, tumnunulie kimashine cha sikioni?

SWALI: Dokta shikamoo. Kaka yangu ana miaka 41, anakunywa kila siku, asubuhi asipozimua mikono inatetemeka hadi kikombe cha chai hakishiki. Sasa kasema mwenyewe anaacha. Kuna mtu anauza kimashine kinabandikwa nyuma ya sikio, kinapiga umeme mdogo kwenye mishipa ya fahamu, anasema siku 5 arosto kwisha na kimepitishwa Marekani. Tununue tumfungie ndani atulie?

JIBU: Marahaba dada. Msinunue, na kubwa zaidi msimfungie ndani.

Hiyo "kimepitishwa Marekani" naisikia kila mara na inanichosha kwelikweli. Ni kweli mwaka 2017 FDA, mamlaka ya dawa ya kule, iliruhusu kifaa cha nyuma ya sikio kinachovaliwa hadi siku 5, ila kiliruhusiwa kwa arosto ya heroini na dawa za jamii yake, utafiti wenyewe ulikuwa na watu 73 tu wa hizo dawa, pombe haimo. Na arosto ya unga inatesa, mtu anatapika anaharisha mifupa inamuuma, lakini mara chache inaua. Ya pombe inaua, na muuzaji hilo hakwambii.

Watu wanadhani ugonjwa ni kutetemeka, mikono ikitulia wanasema kapona. Sio hivyo. Pombe ya kila siku inaupoozesha ubongo, na ubongo ukishazoea unajichachamaza wenyewe ili uende sawa, sasa ukiikata ghafla kule kuchachamaa kunabaki peke yake. Kuanzia kama saa 6 hadi 48 tangu tone la mwisho mtu anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi maishani, na siku ya pili hadi ya nne ndo anaweza kuanza kuweweseka. Nilishaletewa fundi seremala siku ya tatu, jasho limelowesha shati lote, joto juu, mapigo 140, anachambua siafu kwenye shuka na siafu hakuna hata mmoja, na nyuma ya sikio kimashine kipo kinawaka taa. Ndugu zake walikuwa wanajua amepona maana jana yake alitulia.

Dawa yenye ushahidi ni diazepamu na za jamii yake, inatolewa kwa kupima hali ya mgonjwa na kupunguzwa siku hadi siku, lakini sio ya kununua dukani mkampe nyumbani, ikichanganyika na gongo pumzi inakata. Na wale wa "mtundikie drip ya glukosi atoke sumu" ndo wananimaliza kabisa, mlevi wa miaka mingi mara nyingi vitamini B1 imemuishia, inatakiwa achomwe hiyo B1 kwanza, ukimjaza sukari bila B1 unaweza kumharibia ubongo, macho yanacheza, anayumba, kumbukumbu inapotea na wengine hairudi tena.

Kwahiyo asikate ghafla kabla hajaonwa. Mpeleke hospitali yenye daktari na kitanda, useme anakunywa nini na kiasi gani, saa ngapi kanywa mara ya mwisho, na kama alishawahi kuanguka. Kama ameshaacha na ameanza kuongea ovyo au ameanguka, usingoje kukuche, mpeleke usiku huohuo.