Boti mbili, mafundi sita, visiwa vya Ssese: anza na saa za kazi, njia ije baadae

Ndugu uliyeuliza kama hesabu za Ulaya za kupangia boti za mitambo ya upepo baharini zinaweza kusaidia timu yenu ya sola Kalangala (wilaya ya visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda), mna boti mbili na mafundi sita mnatokea Entebbe. Zinasaidia sana, ila sio kwa kutafuta njia fupi. Nimepangia mafundi wa sola na minara ya simu huko ziwani miaka kadhaa, na kinachokula pesa zaidi ni fundi amemaliza kazi anasubiri boti, au boti imefungwa mwaloni inamsubiri fundi.

Wenzetu wa upepo wanaanza kwa kugawa kazi. Kuna kazi boti lazima ibaki pale pale, na kuna kazi unashusha watu na vifaa vyao boti inaendelea kushusha wengine, jioni inarudi kuwazoa, na yule mwenye kazi ndefu anashushwa kwanza anachukuliwa mwisho. Hakuna anayeachwa peke yake. Alafu wanaangalia bahari, maana zile boti ndogo zinasukuma pua kwenye nguzo fundi anapanda ngazi, na mawimbi yakizidi kama mita 1.5 hio haiwezekani tena. Sevisi kubwa wanapeleka majira ya joto, bahari imetulia na upepo ni mdogo, kwa hio kuzima mtambo hakuwapotezei umeme mwingi.

Hapo ndo tunatofautiana nao. Kwetu Victoria dhoruba nyingi zinapiga usiku mpaka alfajiri, mchana upepo unaamsha mawimbi, basi nafasi nzuri ya kusafiri inaanza saa tatu hivi asubuhi, na ndo masaa ambayo jua linachaji betri! Ukizima mfumo saa sita mchana umewanyima watu umeme wa usiku, na kama pale kuna kituo cha afya chenye friji ya chanjo ni mbaya zaidi.

Sasa angalia Hornsea One ya Uingereza, iko kama km 120 kutoka pwani ya Yorkshire, hawawezi kwenda na kurudi kila siku, mafundi wanalala kwenye meli huko huko karibu na mitambo. Nyinyi meli yenu ni Bugala, kile kisiwa kikubwa. Wekeni jozi mbili za mafundi na boti moja pale Kalangala mjini wiki nzima, betri na spea nzito zipande feri ya MV Kalangala kutoka mwalo wa Nakiwogo, Entebbe, msizijaze kwenye boti. Visiwa vya Bufumira na Bukasa mtavifikia kutoka hapo. Kazi ya kuzima ifanyike jua likizama na jozi ilale kisiwa hicho hicho, boti iwafuate asubuhi, usiku hakuna kusafiri kabisa. Boti ya pili na jozi ya tatu zibaki Entebbe kwa ajili ya dharura.

Kuhusu programu ya kompyuta ya kupangia safari, OR-Tools ya Google ni ya bure na inajua mambo ya kushusha na kuchukua kwa masaa maalum. Ila visiwa vitatu vina mipangilio 6 tu ya kipi kianze kipi kifuate, karatasi inatosha, vikifika vinane ni 40,320 na hapo ndo uitafute. Utabiri wa ziwa wa UNMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Uganda, usomwe kila siku kabla ya kupanga, na nahodha akikataa kuondoka asibishiwe na bosi yeyote.

Weka hapa orodha ya kazi zenu, kila moja inachukua masaa mangapi na kama inataka kuzima, tupange pamoja wiki ya kwanza.