Barua za Wasomaji: Kijiji cha Bavaria na Nadhiri ya Mwaka 1633

*Anayejibu ni mama mzaliwa wa Tanga, muuguzi wa wazee, mkazi wa Oberammergau, katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani.*

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu huku Songea. Marehemu babu yangu alikuwa seremala Peramiho, na mabruda wa Kijerumani walimsimulia habari za kijiji cha kwao ambako watu huigiza mateso ya Yesu mara moja tu kila miaka kumi. Parokiani kwetu vijana huigiza Njia ya Msalaba kila Ijumaa Kuu. Hao wanasubiri miaka kumi kwa nini? Na ni kweli hawanyoi nywele?

Marahaba mwalimu. Babu yako hakudanganywa. Kijiji ndicho hiki ninachokaa, Oberammergau, chenye watu kama 5,400, chini ya mlima Kofel. Treni ikitoka Murnau inaishia hapa. Mbele hakuna reli tena.

Mwaka 1633 Bavaria ilikuwa katikati ya Vita vya Miaka Thelathini, na nyuma ya majeshi ikaja tauni. Kijiji kiliweka walinzi njiani ili asiingie mtu. Wenyeji husimulia kwamba kibarua mmoja, Kaspar Schisler, alikuwa akifanya kazi kijiji jirani cha Eschenlohe. Sikukuu ya kanisa ilipofika alitamani kuwa na mke na watoto wake, akawapenya walinzi usiku. Aliingia na ugonjwa. Alikufa yeye, wakafa na wengine, zaidi ya watu 80. Hapo wazee wakaingia kanisani na kuapa: tukinusurika, tutaigiza mateso na kifo cha Bwana kila baada ya miaka kumi. Masimulizi yanasema tangu siku hiyo hakufa mtu tena kwa tauni. Pentekoste ya mwaka 1634 walitimiza kwa mara ya kwanza, jukwaa likiwa makaburini, juu ya waliozikwa mwaka uliotangulia. Walioigiza walikuwa wakikanyaga ardhi iliyofunika mama zao na wanao. Kila nikipita uwanja wa kanisa nawafikiria watu wale.

Kwa hiyo miaka kumi ni kiapo chenyewe, mwalimu. Tangu 1680 wameshika miaka inayoishia na sifuri, ingawa si kila mara imewezekana. Mwaka 1770 mtawala wa Bavaria alipiga marufuku. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakasogeza hadi 1922, na mwaka 1940 hawakuigiza kabisa kwa sababu ya vita.

Hata kusingekuwa na kiapo, sidhani kama kijiji kingemudu kufanya hivyo kila mwaka. Onyesho moja ni saa tano, na katikati kuna mapumziko marefu ili watu wapate kula. Ukumbi unaketisha watu zaidi ya 4,000. Watazamaji wako chini ya paa, lakini jukwaa liko wazi, na mvua ikinyesha Yesu analowa. Maonyesho huanza Mei na kwisha Oktoba. Hakuna mwigizaji hata mmoja anayeletwa kutoka nje. Ni mwenye hoteli, mwanafunzi, fundi, mfanyakazi wa msituni. Kila nafasi kubwa hupewa watu wawili wapokezane, maana wana kazi zao. Mwaka 2022 Yesu walikuwa Frederik Mayet na Rochus Rückel. Mwaka huo walishiriki watu wapatao 1,800, na watazamaji wakapita 400,000. Hebu piga hesabu hiyo kwa kijiji cha watu 5,400. Kazini kwetu zamu zilipangwa kwa kufuata ratiba ya jukwaa, na wazee tunaowahudumia waliridhika, kwa sababu nao walikuwa wamesimama pale walipokuwa vijana.

Nywele ni kweli. Jumatano ya Majivu ya mwaka unaotangulia hutoka tangazo rasmi: kuanzia leo wanaume, wanawake na watoto wanaoshiriki wasikate nywele, na wanaume wafuge ndevu. Wanaoigiza askari wa Kirumi ndio husamehewa. Nywele za bandia hazitakiwi. Mwezi Machi 2020, nywele zikiwa zimeshashuka mabegani, ikatangazwa kwamba onyesho limeahirishwa miaka miwili kwa sababu ya korona. Watu walikata nywele huku wakilia, kisha Jumatano ya Majivu ya 2021 wakaanza upya. Ugonjwa ndio ulioanzisha nadhiri, na safari hii ugonjwa ndio ulioizuia. Wenyeji hawakuacha kulitaja hilo.

Hujaniuliza, lakini nitakwambia lililo zito zaidi: nani ana haki ya kupanda jukwaani. Sheria ni uwe mzaliwa wa hapa au umeishi hapa miaka 20. Mimi sijaitimiza. Binti yangu amezaliwa hapa, na mwaka 2022 aliingia Yerusalemu na tawi lake mkononi, katikati ya mamia ya watu. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Ila wanawake wa hapa walifungiwa mlango kwa muda mrefu sana. Mwanamke akiolewa au akifika miaka 35, basi tena. Wanawake watatu wakaenda mahakamani, na mwaka 1990 mahakama ya juu ya utawala ya Bavaria ikawapa haki. Nimemuuguza bibi mmoja aliyeolewa akiwa na miaka 22, akakaa nje hadi nywele zilipoota mvi. Alinisimulia jinsi alivyopanda jukwaani mwaka huo, nami sijasikia habari ya harusi iliyosimuliwa kwa furaha ile. Tangu mwaka 2000 hata wasio Wakristo wanashiriki. Mwaka 2022 mmoja wa Yuda wawili alikuwa Cengiz Görür, kijana Mwislamu wa hapa hapa, na msaidizi wa mwongozaji alikuwa Abdullah Karaca.

Lipo pia doa, na ni lazima lisemwe. Kwa miaka mingi onyesho hili liliwabebesha Wayahudi wote damu ya Yesu. Hitler alikuja kulitazama mwaka 1930 na tena 1934, lilipoigizwa nje ya ratiba kuadhimisha miaka 300, akalisifu. Baada ya vita bado walishikilia maneno yale yale, hadi Wayahudi wa Marekani wakawataka watu wasusie onyesho la 1970. Aliyeligeuza ni mchongaji wa hapa, Christian Stückl, mwongozaji tangu 1990. Ile sauti ya umati ikisema damu yake iwe juu yetu na juu ya watoto wetu imeondolewa. Sasa Yesu anaitwa rabi, na umati unaimba sala ya Kiyahudi ya Shema kwa Kiebrania. Wapo waliompinga vikali, na mabishano yalifika hadi mezani nyumbani kwa watu. Mimi namshukuru. Nadhiri ya mababu haikuwa ruhusa ya kumchukia jirani.

Habari dada. Ni binti wa Mombasa, nimepata nafasi ya mafunzo ya uuguzi katika kijiji cha Bavaria. Wenzangu wananitisha kwamba watu wa huko ni wagumu, hawamzoei mgeni. Nifanyeje?

Njoo, mdogo wangu. Ugumu upo, lakini una mlango, na mlango wenyewe ni vyama. Kijiji cha Bavaria kinaendeshwa na watu wa kujitolea. Hata zimamoto si askari wa mshahara: king'ora kikilia, mwokaji mikate anaacha unga na kukimbia. Kuna bendi ya matarumbeta, kwaya, chama cha mavazi ya asili, mpira. Chagua kimoja, uende kila wiki, hata siku ambayo hutaki. Hakuna atakayekuja kukubembeleza chumbani. Ukikosa wiki mbili wataona kiti chako kitupu na kuuliza.

Salimia kila unayekutana naye njiani, kama ambavyo ungefanya kwenu. Hilo tu litakupa jina zuri. Na usikose siku zao. Hapa kwetu, usiku wa Desemba 31 watu hufuata nyota kubwa yenye taa, wanaimba mtaa kwa mtaa. Jioni ya Agosti 24 vijana hupandisha kuni milimani na kuwasha mioto kumkumbuka mfalme Ludwig wa Pili, aliyezaliwa tarehe 25. Beba kuni pamoja nao, dada. Aliyepanda mlima na watu hawezi kuitwa mgeni wakati wa kushuka.

Mimi ni mchongaji, natoka Bagamoyo. Nimesikia huko kwenu kuna wachongaji wa mbao. Mtu wa nje anaweza kujifunza?

Wapo, kaka, na ni kazi ya karne nyingi. Zamani wachuuzi walijaza sanamu na vitu vya kuchezea watoto katika vichanja, wakavibeba mgongoni wakivuka milima kuuza nchi za mbali. Leo maduka yana watakatifu na mapango ya Noeli, ila wanunuzi wamepungua na mashine zinachonga kwa bei ndogo, hivyo usije ukitarajia utajiri. Shule ya serikali ya uchongaji ipo tangu 1877, mafunzo ni miaka mitatu, na si ya wenyeji peke yao. Masomo yote ni kwa Kijerumani. Tafuta kwanza mwalimu wa lugha hapo nyumbani, piga picha za kazi zako bora, halafu waandikie shule moja kwa moja. Usimlipe wakala yeyote anayekuahidi nafasi.