Maswali ya Watazamaji: Je, Gilmore Girls ni Tamthilia ya Kutazamwa na Mzazi na Kijana Wake?

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, binti yangu mwenye umri wa miaka 14 ameniomba tutazame pamoja Gilmore Girls, tamthilia ya Kimarekani ambayo rafiki zake wanaisifu sana. Nimeelezwa kwamba ni tamthilia ya kifamilia, lakini dada yangu, aliyeitazama tangu zamani, ananionya kwamba mama anayeonyeshwa humo hana mipaka na mwanawe, na kwamba huyo binti anayesifiwa kwa akili huja kuharibikiwa. Naomba unieleze uzuri na udhaifu wake kabla sijakubali. (Mama wa binti mmoja)

JIBU: Kubali, mama, lakini uwe naye sebuleni, hasa mtakapofika mwishoni mwa msimu wa 4. Dada yako hajakosea. Ila jambo analolilalamikia ndilo pia linaloifanya tamthilia hii istahili kutazamwa.

Nianze na hilo jina la kifamilia, kwa sababu linapotosha kidogo. Tamthilia hii iliyobuniwa na Amy Sherman-Palladino ilianza kuonyeshwa na kituo cha The WB mwezi Oktoba 2000, na ilikuwa miongoni mwa za kwanza kunufaika na fedha za kuandikia miswada zilizotolewa na Family Friendly Programming Forum, kundi la makampuni makubwa yanayolipia matangazo ya biashara, ambayo yalitaka saa za mwanzo za usiku ziwe na vipindi ambavyo wazazi na watoto wangeweza kuvitazama pamoja bila kuoneana haya. Kwa hiyo utakuta matusi ni haba, damu hakuna, na mambo ya chumbani hudokezwa badala ya kuonyeshwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakipimwa. Uzito wa mambo yanayozungumzwa humo ni suala jingine kabisa.

Kisa chenyewe ni hiki. Lorelai, mtoto wa pekee wa wazazi matajiri wa Hartford katika jimbo la Connecticut, alimzaa Rory akiwa na umri wa miaka 16, akakataa kuolewa, akaondoka nyumbani na kichanga chake na kwenda kufanya kazi ya usafi katika hoteli ndogo ya mji wa kubuniwa wa Stars Hollow, ambako alipanda hadi kuwa meneja. Tunapokutana naye ana umri wa miaka 32, na Rory amekubaliwa katika shule ya gharama kubwa ambayo mama yake hawezi kuilipia. Inambidi arudi kwa wazazi wake, Emily na Richard, akiomba mkopo, nao wanampa kwa sharti kwamba kila Ijumaa yeye na Rory waje kula chakula cha jioni.

Kwangu mimi, uzuri mkubwa wa tamthilia hii umo katika meza hiyo ya Ijumaa. Tamthilia nyingi za vijana huwaweka wazazi pembeni, waonekane tu mlangoni wakiuliza mtoto amerudi saa ngapi. Hii inaweka vizazi vitatu mezani na kuruhusu kila kimoja kiwe na haki kiasi na kosa kiasi. Fedha na mapenzi hapo havitenganishwi: Emily anajua kwamba ananunua muda wa kukaa na mwanawe, Lorelai anajua kwamba amejiuza tena kwa watu aliowakimbia, na Rory, ambaye hana ugomvi na yeyote, anawapenda kwa dhati babu na bibi ambao mama yake hawezi kuvumilia kukaa nao saa moja. Katika msimu wa kwanza kipo kipindi kinachohusu siku ya kuzaliwa ya Rory, anapotimiza miaka 16, ambapo Emily anafika kwa mara ya kwanza katika nyumba ya bintiye na kugundua kwamba Lorelai aliwahi kuvunjika mguu bila yeye kupata habari. Hakuna anayepaza sauti wala anayelia, na bado ni vigumu kumwona Emily kama adui baada ya hapo. Kelly Bishop, anayemwigiza, anaweza kukaza midomo kwa namna inayosema kuliko hotuba nzima, na naamini yeye ndiye mwigizaji bora wa tamthilia yote, ingawa Lauren Graham kama Lorelai ndiye anayeibeba.

Sasa nije kwenye onyo la dada yako. Ni kweli kwamba Lorelai na Rory wanaishi kama marafiki zaidi kuliko mzazi na mtoto, na katika misimu ya mwanzo tamthilia inalifurahia jambo hilo mno. Lakini waandishi wanaijua kasoro ya Lorelai. Mara kwa mara wanaonyesha kwamba amemlea mwanawe kwa kukwepa kila alichofanyiwa na Emily, na kwamba mlezi wa namna hiyo bado anaongozwa na yule anayemkimbia. Wanachokosa kukijua, au wanachokijua wakakiogopa, ni kasoro ya Rory. Mji mzima unamtukuza, babu na bibi wanamtukuza, na baada ya muda kamera nayo inamtukuza. Mwishoni mwa msimu wa 4 analala na Dean, mpenzi wake wa zamani ambaye sasa ana mke. Lorelai anakasirika, na mazungumzo yao usiku ule ni miongoni mwa yaliyoandikwa vizuri kuliko yote, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mama anazungumza kama mama. Kisha hadithi inamgeukia Rory na machozi yake, huku Lindsay, mke aliyesalitiwa, akipewa nafasi finyu mno, kana kwamba yeye ndiye aliyeingilia kati.

Mwaka unaofuata, mmiliki wa magazeti anapomwambia kwamba hana kipaji cha uandishi wa habari, Rory anaiba mashua ya kifahari pamoja na mpenzi wake Logan, mtoto wa mmiliki huyohuyo, anaacha masomo katika Chuo Kikuu cha Yale na kuhamia kwa babu na bibi. Hapa ndipo anapoharibikiwa kama alivyosema dada yako, nami nisingependa binti yako aruke sehemu hiyo. Kijana aliyesifiwa tangu utotoni kuanguka kwa neno moja la mtu mzima ni jambo la kweli kabisa, na kimya kati ya mama na binti kinachofuata kinauma. Udhaifu umo katika namna ya kutoka humo: mahakama inampa saa 300 za kazi za kijamii, anazitumikia, anarudi Yale, na milango inamfungukia kama ilivyokuwa.

Linganisha na Lane, rafiki yake wa tangu utoto, binti wa mama Mkorea mwenye msimamo mkali wa dini, ambaye huficha santuri zake chini ya mbao za sakafu. Lane anapigania kila kitu anachokipata, na Keiko Agena anamwigiza kwa ucheshi usio na makeke. Hata hivyo, waandishi wanamwoza mapema na kumbebesha mimba ya mapacha, ndoto yake ya bendi ikabaki pembeni. Mhusika mwenye bidii kuliko wote ndiye aliyepewa malipo madogo kuliko wote, na ukiwa na binti wa miaka 14 hapo pana mazungumzo ya jioni nzima.

SWALI: Mbona wahusika wa tamthilia hiyo huzungumza haraka kiasi hicho? Mimi hulazimika kusoma maandishi ya chini ya skrini na bado napitwa na mizaha. (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Ni kwa makusudi. Miswada yake ilikuwa ikikaribia kurasa 80, wakati tamthilia za kawaida za saa moja zilitumia kama 50, na yote hayo yalipaswa kuingia katika muda uleule. Faida yake ni kwamba vichekesho havisubiri ucheke, na mtu anayeumia anaweza kujificha nyuma ya maneno, jambo ambalo Lorelai hulifanya kila anapobanwa. Hasara ni kwamba wahusika wengi huishia kuwa na ulimi mmoja, na mizaha mingi hutegemea watu maarufu wa Marekani wa miaka ile, ambao kijana wa leo hawajui. Usijali ukipitwa. Mizaha mingine, hasa ya kukejeli maumbile ya watu, imezeeka vibaya, na ingefaa ipite bila kusikika.

SWALI: Je, ni lazima kutazama msimu wa 7 na ule mwendelezo wa mwaka 2016? (Kijana mpenda tamthilia)

JIBU: Msimu wa 7, uliomalizika Mei 2007, uliandikwa bila Sherman-Palladino, ambaye aliondoka baada ya kutoafikiana kuhusu mkataba, na pengo linasikika: maneno yapo, lakini mapigo yake yamepungua. Utazame kwa ajili ya kipindi cha mwisho, ambacho kinawaaga wahusika kwa heshima.

Mwendelezo wa Netflix una sehemu nne ndefu, na mbunifu wake yumo tena. Edward Herrmann, aliyemwigiza Richard, alifariki dunia mwishoni mwa mwaka 2014, na namna Emily anavyoonyeshwa akiwa mjane ni kazi nzuri kupita yote iliyomo. Rory, kwa upande wake, ana miaka 32, umri uleule aliokuwa nao mama yake tulipomfahamu, na bado anasubiri dunia imtambue. Watazamaji wengi walimkasirikia. Mimi naona huyo ndiye Rory ambaye misimu saba ilikuwa ikimwandaa bila kukiri, na kama ungeniuliza nianzie wapi kumwonyesha mtu tamthilia hii imekosea nini, ningemwonyesha sehemu hizo nne kabla ya nyingine yoyote.