Usirudi na Meno Matupu: Ushauri kwa Madereva Wapya wa Foklifti

Dereva mpya wa foklifti, gari la kunyanyulia na kuhamishia mizigo ghalani, akiambiwa kwamba kazi yake haiendi, jambo la kwanza analolifanya ni kukanyaga mafuta. Nimeliona hilo kwa karibu kila kundi la vijana tuliowapokea katika ghala ninalofanyia kazi hapa Dar es Salaam, na mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikata kona kati ya rafu mbili nikiwa na mwendo, nikasahau kwamba foklifti hugeuzwa kwa magurudumu ya nyuma na kwamba kwenye kona mkia ndio unaotoka nje. Mkia ukagonga nguzo ya rafu, na paleti (jukwaa la mbao la kupangia mzigo) ya madumu ya lita 20 ya mafuta ya kula niliyokuwa nimeibeba ikateleza na kuanguka. Mafuta ya kula yakimwagika juu ya zege hayatulii mahali pamoja. Yalitambaa hadi njia kuu, magurudumu yakawa hayashiki, na foklifti zote tatu zikasimama mpaka jioni huku vibarua wakimwaga vumbi la mbao na kulizoa. Muda niliotaka kuuokoa kwenye kona ile haukufika hata sekunde tatu.

Baada ya siku hiyo nilitaka kujua muda wetu unapotelea wapi hasa. Kwa wiki nzima niliweka daftari dogo kwenye mfuko wa ovaroli, na kila foklifti yangu iliposimama niliandika saa na sababu. Sababu zilikuwa zile zile kila siku: namngoja karani amalize kuhesabu, nangoja hati ya kutolea mzigo, nangoja paleti izungushiwe nailoni, nangoja lori lirudi nyuma vizuri, njia imezibwa na paleti tupu. Mwendo mdogo wa gari haukuandikwa hata mara moja. Ndugu zangu mnaoanza, fanyeni zoezi hili kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu msimamizi hubishana na malalamiko, lakini ni vigumu kubishana na daftari lenye saa.

Kitu cha pili kinachokula muda ni umbali, nacho hakionekani mpaka ukipigie hesabu. Tuseme bidhaa inayotoka kila siku, kama sabuni au mchele, imepangwa mita 60 kutoka mlango wa kupakilia. Safari moja ya kwenda na kurudi ni mita 120, na paleti 200 kwa siku ni kilomita 24. Bidhaa hiyo ikihamishiwa mita 20 kutoka mlangoni, jumla inashuka hadi kilomita 8. Zile kilomita 16 zilizopungua, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, ni zaidi ya saa moja na nusu ya zamu, na hakuna dereva anayeweza kuirudisha kwa kukimbia. Uamuzi wa kupanga mzigo ni wa mtunza ghala, lakini wewe ndiye unayejua ni njia ipi umeipita mara 40 tangu asubuhi. Mwambie kwa heshima, na umwonyeshe hesabu.

Halafu angalia safari zako zilivyo: nusu yake unarudi na meno matupu, yaani vile vyuma viwili vya mbele vinavyobeba paleti havina kitu. Ikiwa kontena linashushwa mlango wa kwanza na lori linapakiwa mlango wa pili, peleka paleti ya kontena kwenye rafu, kisha uchukue papo hapo paleti inayohitajika kwenye lori badala ya kurudi bila kitu. Hili linataka karani akupe orodha mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo makarani wengi hawalipendi mwanzoni. Mkae naye asubuhi kwa dakika tano kabla ya zamu kuanza, mpange pamoja. Msijaribu kupunguza safari kwa kubeba paleti mbili zilizopandana. Mifuko 40 ya saruji ya kilo 50 tayari ni tani 2, na foklifti iliyoandikwa tani 2.5 hubeba uzito huo ikiwa kitovu cha mzigo kiko milimita 500 kutoka shina la meno. Mzigo ukisogea mbele zaidi au ukinyanyuliwa juu sana, uwezo wake unapungua. Kisomeni kile kibao cha uwezo kilichobandikwa karibu na kiti.

Kuchukua paleti ndiko ustadi unakoonekana, na hapo naomba msiwe na haraka hata kidogo. Simama ukiwa umenyooka mbele yake, karibu shibiri moja kabla ya kuigusa. Weka mlingoti (nguzo ya mbele inayopandisha meno) wima, linganisha meno na nafasi za paleti, ingia taratibu mpaka mzigo uguse sehemu ya nyuma ya meno, nyanyua kidogo, laza mlingoti nyuma, geuza kichwa utazame nyuma, ndipo urudi. Ukitembea, meno yawe sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni. Anayefanya hivi mara moja bila kurudia anamwacha mbali yule anayeingia kwa kasi, akakwama, akatoka, akaingia tena. Kila kurudia ni sekunde kadhaa, na mara nyingi ni ubao wa paleti uliovunjika, na baadaye vibarua wanne watahitajika kuhamishia mzigo kwenye paleti nyingine.

Kontena lina hesabu yake. Upana wa ndani ni karibu mita 2.35, kwa hiyo paleti mbili za mita 1.2 kwa 1.0 haziwezi kukaa sambamba zote zikiwa zimelazwa kwa upande wa mita 1.2, moja ilazwe na nyingine igeuzwe. Kontena la futi 40 huchukua paleti 20 au 21 za aina hiyo. Dereva asiyejua mpangilio kabla ya kuanza hugundua kosa akiwa mlangoni na paleti ya mwisho, kisha anatoa tano ili aingize moja. Kabla hujaingia, hakikisha magurudumu ya lori yamewekewa vizuizi na ufunguo wa lori uko mkononi mwa msimamizi. Usikae na foklifti ya dizeli inayounguruma ndani ya kontena, kwa sababu moshi wake una sumu. Mchana wa Januari joto humo ni kali mno, kwa hiyo kunywa maji na ubadilishane na mwenzako.

Wasimamizi wengine hupima dereva kwa idadi ya paleti kwa saa peke yake. Mimi sikubaliani na kipimo hicho. Kikitumika, basi kandokando yake ziandikwe paleti zilizoharibika na zile zilizoguswa mara mbili, maana paleti iliyowekwa pasipo pake huhesabiwa kama kazi leo na kutafutwa kesho kwa nusu saa.

Kwa foklifti ya betri ya asidi, msiwe na mazoea ya kuichaji kidogo kidogo kila mnapokwenda kunywa chai. Betri inayochajiwa hivyo huwahi kufa. Itumieni mpaka ibaki karibu asilimia 20, kisha ichajiwe kwa ukamilifu, na maji yaliyokenekwa (distilled water) yaongezwe baada ya kuchaji. Mwisho wa zamu shusha meno mpaka yaguse sakafu, vuta breki, unganisha chaja, kisha mwandikie anayekupokea paleti zipi zimebaki njiani, mlango gani una lori linalosubiri, na kama mnyororo au mpira wa haidroliki umeanza kuonyesha kasoro.