Jibu: Kwa nini 1, 2, 3 ziitwe za Kiarabu, na za Kirumi zilishindwa wapi?

Ndugu, umeuliza mambo mawili, naanza na jina. Asili ya tarakimu hizi ni India, ambako mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za kuhesabu kwa sifuri mwaka 628. Karne ya 9 mwanahisabati al-Khwarizmi wa Baghdad akazieleza kitabuni, na Wazungu walizipokea kupitia Waarabu, ndiyo maana jina likaganda. Hata “sifuri” yetu ni sifr ya Kiarabu, yaani tupu.

Uzuri wake wote uko kwenye nafasi. Tazama 505: tano ya kushoto ni mia tano, ya kulia ni tano tu, na sifuri inashikilia nafasi ya makumi isiporomoke. Kwa Kirumi ni DV, D ni 500 na V ni 5. Hakuna sifuri, hakuna nafasi. Hebu jaribu kuzidisha XLVIII (48) kwa XXVII (27) kwenye karatasi, utaona taabu yake! Warumi wenyewe walihesabu kwa vijiwe ubaoni, kisha wakaandika jibu.

Kuzisoma hizo za Kirumi si kazi. Ukikuta MCMXCIV, ivunje: M 1000, CM 900, XC 90, IV 4, yaani 1994. Ndogo ikitangulia kubwa, unatoa, ikifuata, unajumlisha.