Mtumbwi Wako Unakwenda Upogo? Tazama Kidole Gumba

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Kisauni, Mombasa, ambaye sasa anaishi Ottawa. Yeye na mumewe walikodi mtumbwi, wakazunguka palepale mbele ya gati mpaka saa yao ikaisha, na njia nzima ya kurudi nyumbani hawakusemezana. Anauliza: "Kaka, wewe uliwezaje? Kwenye picha zako naona unanyoosha tu, tena peke yako."

Swali hili naulizwa kila siku tangu niweke zile picha za kuvuka Ziwa Opeongo, huku Ontario, kwa hiyo naandika mara moja, wote msome. Najua mnautaka mtumbwi kama nilivyoutaka mimi. Mtu hawezi kuishi Ontario, yenye maziwa kila upande, akaishia kuyatazama kupitia dirisha la gari.

Kuna wanaodhani nilizaliwa na kafi mkononi. Mimi ni wa Pangani. Mto upo, bahari ipo, na watoto wenzangu walikuwa wakivuka kwenda Bweni kwa mitumbwi ya mti wa mwembe huku sisi wengine tukingoja kivuko. Sikuwamo. Baba alikuwa mwalimu, mama alikuwa akiogopa mamba, na kati ya hao wawili sikupata ruhusa ya kusogea zaidi ya minazi. Omo yaani mbele ya chombo, tezi yaani nyuma yake, mkuku yaani uti wa chini, upondo yaani mti wa kusukumia, haya yote niliyajua kwa kusikia. Kuogelea kwenyewe nimefundishwa ukubwani, kwenye bwawa la ndani, theluji ikianguka nje.

Lakini nani angeniamini? Kwenye mkusanyiko mmoja wa Waswahili kando ya ziwa, mitumbwi ikaletwa, mtu akapaza sauti: "Mtu wa pwani akae tezi!" Nikakaa tezi. Ningekataaje, mbele ya watoto? Omo akakaa jamaa wa Bukavu, aliyekulia kando ya Ziwa Kivu. Nikapiga kafi upande wa kulia, pua ya mtumbwi ikaenda kushoto. Nikapiga kwa nguvu zaidi, ikazidi kwenda kushoto. Tukamaliza mzunguko mzima, tukaanza wa pili, na yule jamaa akageuka taratibu: "Muzee, hii bato inaenda wapi?" Kulikuwa na mtu gatini anapiga video. Ile video ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Windsor mpaka Montreal, na mpaka leo wako wanaoniita Nahodha Duara. Sijasahau. Aliyepiga video anajijua, na picha za Opeongo nilimtumia yeye wa kwanza.

Majira yaliyofuata siyaelezi sana. Nilikodi, nikazunguka, nikarudi na mabega yanauma. Nikajiunga na klabu ambayo mwalimu wake alikuwa mama mtu mzima, mstaafu, mwembamba kama wifi zangu wa Mkwaja, na yeye akanikatalia tezi. Jioni baada ya jioni akaniweka omo, nikipiga kafi mbele huku yeye nyuma akinyoosha chombo bila hata kuhema. Iliniuma. Nilikuwa na mwili mara mbili ya wake. Siku aliponipa tezi hatimaye, aliniacha nipotoke kidogo, kisha akauliza jambo moja tu: "Kidole gumba chako cha mkono wa juu kinatazama wapi?"

Kilikuwa kinatazama juu. Ugonjwa wote ulikuwa hapo.

Mtumbwi unageuka kwa sababu nyepesi. Kafi liko ubavuni, na nguvu inapita kando ya mkuku badala ya kupita juu yake. Ni sawasawa na kusukuma mkokoteni kwa kushika kona moja ya nyuma: mbele utakwenda, lakini utakwenda upogo. Mkiwa wawili, mmoja kulia na mwingine kushoto, mnadhani mmesawazisha. Bado. Kiti cha mbele kimesogezwa nyuma ili miguu ipate nafasi, kwa hiyo wa tezi yuko mbali zaidi na katikati ya chombo kuliko mwenzake, na pigo lake linageuza zaidi. Pua inaelekea upande wa pili, mbali na upande anaopiga yeye. Kwa hiyo kunyoosha ni kazi ya wa tezi, na wa omo asilaumiwe. Dada wa Kisauni, hapo najua mlikogombania. Wa omo anatakiwa apige kwa kipimo kimoja, basi. Akianza naye kujaribu kunyoosha kutoka mbele, mnakuwa na manahodha wawili.

Dawa inaitwa pigo la J. Chomeka kafi mbele yako, bapa lote lizame, mpini usimame karibu wima, mkono wa juu ukiwa nje ya ukingo, juu ya maji. Vuta sambamba na mkuku. Usifuate ukingo wa mtumbwi, maana ukingo umepinda, na ukiufuata unachora upinde na kujigeuza mwenyewe. Bapa likifika usawa wa nyonga, zungusha mkono wa juu mpaka kidole gumba kielekee chini, majini. Uso uleule wa bapa uliokuwa ukivuta maji sasa unatazama nje. Sukuma nje kidogo, toa, rudi mbele. Huo msukumo wa mwisho ndio mkia wa J. Mkono wa chini usikaze; acha mpini uzunguke ndani ya kiganja, la sivyo kiwiko kitakuadhibu usiku.

Kidole gumba kikitazama juu, unasukuma kwa uso wa pili wa bapa. Nayo inanyoosha, sikatai, na wanaoshuka mito yenye maporomoko huitumia kwa makusudi kwa sababu ina nguvu. Lakini kwenye ziwa tulivu kila pigo linakuwa breki. Unavuta, unajizuia, unavuta, unajizuia. Nilifanya hivyo muda mrefu nikijiona fundi kwa sababu tu sikuwa nazunguka tena.

Kuna watakaokwambia ubadilishe upande kila pua inapokimbia. Wanaoshindana mbio hufanya hivyo, kwa makafi yao yaliyopinda, na wanakwenda kasi kweli. Wewe ukifanya hivyo utalowesha mapaja, utachora herufi Z ziwa zima, na pigo la J hutalijua kamwe.

Halafu macho. Usitazame kafi. Chagua msonobari mmoja ng'ambo, tafuta na alama nyingine nyuma yake, kilele cha kilima au mwanya wa miti, kisha shika hizo mbili zikae kwenye mstari mmoja. Zikianza kuachana, umeshapotoka, na umejua mapema. Hapo ndipo mambo yote yalipo: mkia wa J unawekwa kwenye kila pigo, kuanzia la kwanza, kabla pua haijaondoka. Pigo la kwanza ndilo hatari kuliko yote, maana chombo kikiwa kimesimama hugeuka kirahisi. Kikishapata mwendo hutulia. Kwa hiyo anza polepole. Ukingoja mpaka pua imeshazunguka, mkia mdogo hautoshi tena. Itabidi ugeuze kafi kuwa usukani, mwendo ufe, uanze upya.

Sasa Opeongo. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote katika hifadhi ya Algonquin, iliyoanzishwa mwaka 1893 na yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 7,600. Upepo wake haujali ulikotoka. Ukiwa peke yako ukakaa kiti cha nyuma, kama nilivyoona wengi wakifanya gatini, omo inanyanyuka kutoka majini, na upepo hupenda kusukuma upande uliokuwa mwepesi. Pigo la J halitakuokoa hapo. Mimi niligeuza: nikakaa kiti cha mbele nikitazama nyuma, ili tezi iwe ndiyo omo. Mitumbwi mingi ya kukodi ina umbo sawa pande zote mbili, kwa hiyo haijali; hakikisha tu hakuna ubao unaokatiza nyuma tu ya kiti hicho ukazuia miguu. Unakuwa karibu na katikati. Piga magoti, yasogeze yote mawili upande unaopiga kafi, chombo kilale kidogo upande huo, na kafi litasimama wima karibu na ubavu bila wewe kujinyoosha. Mizigo nikaisogeza mbele, kwa sababu nilikuwa nakwenda dhidi ya upepo na nilitaka pua iwe nzito. Upepo ukiwa nyuma, kinyume chake: mizigo irudi nyuma.

Nikavuka. Upande mmoja wa kafi, bila kubadilisha, mbele yangu msonobari na mwanya wa kilima. Walikuwepo watu wawili kwenye mtumbwi mmoja, vijana, wenye vifaa vya bei, walionipita gatini wakicheka jinsi nilivyokaa kinyumenyume. Katikati ya ziwa nikawapita mimi. Sikusema kitu. Niliinua kafi tu, kuwasalimu.

Ndugu zangu, hasa wanaume, naomba mnisikilize hapa. Tunapenda nguvu. Jambo likienda upogo, jibu letu la kwanza ni kuongeza nguvu, kazini, kwa watoto, hata kwenye ndoa, na la pili ni kumlaumu aliyekaa mbele. Na hatupendi kufundishwa, hasa na mwanamke, hasa mbele za watu. Nimeona wanaume wenye digrii wakizunguka saa nzima kuliko kumuuliza binti wa gatini swali moja. Wake zao wananyoosha siku ileile, kwa sababu hawana misuli ya kuficha kosa. Ningeweza kuandika makala nyingine juu ya hili, na huenda nikaandika. Mtu anayerekebisha kidogo kila mara hahitaji kurekebisha sana hata siku moja. Kama hilo linakuhusu nje ya maji, unajua mwenyewe.

Anayetaka kwenda mbali zaidi, kule Peterborough kuna Canadian Canoe Museum, iliyohamia jengo jipya kando ya Little Lake mwaka 2024. Nenda ukaone mitumbwi ya magome ya mti iliyoshonwa kwa mizizi na kuzibwa kwa utomvu. Wenyeji wa nchi hii, Anishinaabe na wengineo, walikuwa na vyombo hivi karne nyingi kabla ya gati za kukodisha. Mimi nilisimama pale nikiwaza mafundi wa kuchonga mwembe kule kwetu, ambao sijui kama watajengewa makumbusho.

Mwisho ni msimu na usalama, kwa sababu mmeuliza. Barafu ya maziwa ya Algonquin kwa kawaida huondoka mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na maji yanayobaki yanaua kwa baridi hata kama jua linawaka. Subirini mpaka Juni iingie vizuri. Miongoni mwa mengine, sheria ya Kanada inataka mtumbwi uwe na jaketi la kuokolea la kila aliyemo, kamba inayoelea ya mita 15 na filimbi. Sheria inaridhika jaketi likiwemo tu chomboni. Mimi siridhiki, livaeni na mlifunge. Mchoraji Tom Thomson alikuwa akiishi na mitumbwi humohumo Algonquin, na Julai 1917 alitoka peke yake Canoe Lake. Mtumbwi wake ulionekana unaelea, na mwili ukapatikana siku kadhaa baadaye. Wanabishana mpaka leo ilikuwaje. Ukifika gatini, mwulize anayekodisha filimbi iko wapi kabla hujalipa. Wengi hawaitoi mpaka uombe.