Paswadi yangu imebaki kwa kijana wa saiba

SWALI: Mwalimu, hujambo? Ninauza omena na mboga soko la Sondu. Simu yangu ni mulika mwizi, ile ndogo ya vitufe. Kijana mmoja wa saiba, lile duka la kompyuta, alinifungulia akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akaweka barua pepe yake na paswadi anayoijua yeye peke yake. Kila nikihitaji kitu nilimtafuta na kumlipa shilingi mia mbili. Sasa amehamia Nairobi na hapokei simu, na ninataka cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wangu. Nifanyeje? Na huu mtandao wa kasi tunaoahidiwa, utatusaidia sisi?
Mama wa Omena, Nyakach

JIBU: Mama, pole sana. Barua yako imeniuma, kwa sababu akina mama wengi ninaowafundisha kompyuta Jumamosi hapa Kondele walikuja na shida hiyohiyo.

Nianze na swali la mwisho. Nyaya za mtandao za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, na tangu hapo faiba, yaani nyaya za mtandao wa kasi, imevutwa hadi miji mikubwa ya kaunti. Serikali imeahidi kuongeza kilomita 100,000. Naiunga mkono kwa moyo wote, maana mtoto wa Nyakach hana kosa lolote hata apande kilima kutafuta mtandao. Lakini faiba hata ikipita mbele ya kibanda chako, akaunti yako itakuwa bado mikononi mwa mtu mwingine. Mimi simhesabu mtu kuwa yumo mtandaoni mpaka ashike ufunguo wake mwenyewe.

Juzi mama mmoja darasani aliibonyeza skrini mara tano bila jibu. Alidhani simu imemkataa. Nilipomtazama vidole, ncha zilikuwa kavu na ngumu kwa miaka ya jembe, na skrini za kugusa hazivihisi vizuri vidole vikavu. Akalowesha kidole kidogo kwa kitambaa, akagusa polepole, ikafunguka. Alicheka hadi machozi. Kisha akatunga paswadi yake kwa maneno matatu ya Kidholuo yasiyohusiana, na tarakimu katikati. Hakumwambia mtu, hata mimi.

Si kila kitu kinahitaji simu kubwa, mama. Kujiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, kwa mfano, unabonyeza *147# kwa hiyo hiyo mulika mwizi, bila bando.

Kwa akaunti yako, panda matatu ya Ahero hadi Kisumu mjini, uende Huduma Centre, ofisi ya serikali inayotoa huduma nyingi mahali pamoja, na kitambulisho chako halisi, si kopi. Beba simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako, kwa sababu huenda ukatumiwa nambari ya kuthibitisha. Kama huna barua pepe, mwombe mwanao au mjukuu mkubwa akufungulie kabla ya safari, ukiwa umekaa naye, na paswadi uiandike wewe.

Ukifika dirishani, omba barua pepe ya yule kijana iondolewe kwanza, iwekwe yako, halafu ndipo ubadilishe paswadi. Ukianza na paswadi ukaiacha barua pepe yake, siku yoyote anaweza kubonyeza "nimesahau paswadi", na ujumbe wa kuibadilisha utaenda kwake.